Matairi ya Theluji ya Mwalimu Laurian

Vijana wa gereji ya Benaco mmeniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimestaafu tangu mvua za mwaka jana zilipokatika, ingawa magoti yangu yalistaafu miaka mitatu kabla yangu. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu katika kazi ya matairi cheo ni kimoja tu. Ukipatia unaitwa fundi, na ukikosea unaitwa fundi. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na habari za gari moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu. Hilo gari ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Nilifika Benaco nikiwa na miaka ishirini na minane. Kambi kubwa ya wakimbizi ilikuwa imeshafungwa, nyasi zimeota mahali palipokuwa na mahema, na njia panda ilikuwa imebaki na malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Nyumbani Murukulazo nilikuwa nimejaribu kulima kahawa na kahawa ilikuwa imenikataa. Nilimkuta fundi wa gereji ya njia panda, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ameinama juu ya tairi la lori. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasema natafuta kazi. Akasukuma lile tairi hadi miguuni kwangu.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, mzee?"

"Kila kilichoandikwa humo. Ukimaliza niite."

Nilikaa nalo asubuhi nzima. Mzee Masanja mwenyewe hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili, lakini ubavu wa tairi aliusoma kwa kidole gumba haraka kuliko karani anavyosoma barua. Nilipomwita aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona namba. Akauliza namba zinasema nini, nikamsomea tena zile zile. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini: sikushika spana hata mara moja, na jioni nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mawe.

Kwa wiki nzima alinifundisha namba hizo. Kwa gari la familia, tuseme imeandikwa mia moja tisini na tano, halafu sitini na tano, halafu kumi na tano. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, na si kwa milimita bali kwa asilimia ya ule upana; hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea hadi leo. Ya tatu ni rimu, kwa inchi. Zikifuata namba mbili na herufi, namba ni uzito ambao tairi linaweza kubeba na herufi ni mwendo linaoweza kuvumilia. Na kabla ya kugusa nati yoyote, fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo. Kimeandikwa saizi ambayo waliolitengeneza gari waliikusudia. "Hao walikaa na kupiga hesabu," Mzee Masanja alikuwa akisema. "Wewe umekaa na kupiga hesabu lini?"

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: jeki mbili, moja ikivuja mafuta, vyuma vya kutolea tairi, nyundo ya mpira, kompresa iliyokuwa ikikohoa kuliko mvuta sigara, na kipimo cha upepo ambacho mzee hakuruhusu mtu mwingine akishike. Alipohama kwenda kukaa na ng'ombe wake upande wa Nyakahura, aliniachia kile kipimo. Alikiweka tu mfukoni mwa shati langu, akapanda lori.

Miaka ya baadaye yalianza kuja magari madogo ya mtumba kutoka nchi za mbali zenye baridi, na mengine yalifika na matairi ambayo hatukuwahi kuyaona. Ubavuni yalikuwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima punje ya theluji. Wateja walicheka. Mmoja aliniuliza theluji hiyo itaanguka lini Ngara ili ajiandae. Nami nilicheka, lakini niliyachunguza. Mpira wake ni laini, na meno yake yana mikato midogo midogo kama iliyochanwa kwa wembe. Kiangazi chetu kinayala kama sabuni. Lakini mvua zikianza, kwenye ule udongo mwekundu wa milima yetu unaoteleza kama mlenda, matairi hayo yakiwa bado yana meno hushika njia vizuri. Watu waligundua hilo haraka. Wakaanza kuyatafuta kwa jina: matairi ya theluji.

Mwalimu Laurian alikuwa mkuu wa shule ya msingi kule kwetu Murukulazo, na wanangu wawili walipita mikononi mwake. Mkewe Advera alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, anayecheka kabla hajamaliza kusema kinachomchekesha. Walikuwa na watoto watatu. Mkubwa, Jovina, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Waliponunua gari, la viti saba, kijiji kizima kililihesabu kuwa ni lake pia. Lilibeba wajawazito, lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi. Lilikuja na matairi ya theluji, saizi ile ile niliyoitaja hapo juu, na msimu wa kwanza wa mvua lilipanda milima ambayo magari mengine yaliishia kusukumwa.

Kiangazi cha pili kiliyamaliza. Mwalimu alikuja Benaco wiki ambayo mvua zilikuwa zimeanza, Advera akiwa kiti cha kushoto, akashuka akiniita "shemeji" kama kawaida yake, maana aliamua mke wangu ni dada yake na hakuna aliyeombwa kukubali.

"Fundi Deus, nataka yale yale," Mwalimu akasema. "Ya theluji."

Nilizunguka maduka yote ya njia panda. Ya saizi yake yalikuwepo, lakini ya kawaida, tena ya zamani. Mpira ulikuwa umekauka na kuanza kupasuka. Ya theluji yalikuwepo manne, mazuri, meno yamesimama, lakini yalitoka kwenye gari kubwa zaidi: mia mbili kumi na tano, sabini, kumi na tano. Rimu inaingia. Hicho ndicho kinachodanganya. Rimu ikiingia, mtu anadhani kila kitu kimeingia.

Nikamwambia ukweli. "Mwalimu, haya ni mapana zaidi na ni marefu zaidi. Gari litainuka vidole viwili. Mshale wa spidi utakudanganya, utakuonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda. Na yanaweza kugusa bati la madigadi kwa ndani. Nipe wiki moja niagize saizi yako Kahama."

"Wiki moja?" Advera akadakia. "Shemeji, jana mama mmoja amejifungulia njiani, kwenye matope, mimi nimemshikia mwavuli kwa mkono mmoja. Wiki moja ni watu wangapi?"

Mwalimu akaongeza, "Na kuinuka ndiko ninakotaka. Tumbo la gari linagonga mawe kila siku."

Nilisimama pale nikitazama yale matairi manne. Yalikuwa mazuri kweli. Nitawaambia kitu ambacho ni vigumu kukiandika: nilitaka kuyafunga. Nilitaka Advera aondoke akicheka. Nikajiambia nitapima, na kama yanagusa nitayatoa.

Nikayafunga yote manne. Nikakata usukani hadi mwisho kulia, nikalala chini nikatazama na tochi. Nafasi ya kupitisha kidole. Nikakata hadi mwisho kushoto, hivyo hivyo. Gari lilikuwa tupu, liko kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Nikainuka, nikajifuta mikono, nikasema, "Yatakaa."

Neno hilo moja. Nimelisema mara elfu maishani mwangu, na ningependa kulirudisha mara moja tu.

Wiki ya sita baada ya hapo, siku ya Jumapili mchana, walikuwa wanakwenda Mabawe kwa wazazi wa Advera. Mtoto wa kaka yake alikuwa amepata kipaimara. Ndani walikuwa watu watano, mkungu wa ndizi, gunia la maharage na kreti mbili za soda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika. Kwenye mteremko mrefu, kabla ya kona, tairi la mbele kushoto lilipasuka. Gari lilivutwa upande ule ule, likatoka njiani, likabingirika mara mbili hadi kwenye shamba la mihogo. Mtoto wa kati alivunjika mkono. Mwalimu alivunjika mbavu. Jovina na mdogo wao walitoka na michubuko. Advera alikufa palepale.

Habari zilinifikia gereji nikiwa nimeinama kwenye gurudumu la basi. Sikumaliza kukaza nati. Nilimwachia mwenzangu spana nikapanda pikipiki.

Pale shambani watu walikuwa wengi, na walikuwa wameshamwondoa Advera. Sikwenda kwenye gari kama fundi. Nilikwenda kwa sababu sikujua nisimame wapi. Lakini macho ya kazi hayaombi ruhusa. Nililiona lile tairi. Kwenye bega lake la ndani kulikuwa na mstari unaozunguka tairi zima, uliong'aa kama kisu, na mahali fulani mstari ulikuwa umeingia hadi nyuzi zikaonekana. Nikapitisha mkono ndani ya madigadi. Ukingo wa bati ulikuwa umesuguliwa hadi ukawa mweupe.

Nikaelewa yote palepale nimechuchumaa. Gari tupu kwenye saruji halikugusa. Gari lililojaa watu, linaposhuka mlima na breki zimekanyagwa, pua inainama, springi zinajikunja, na bati linakuta tairi. Kila mteremko ulikata kidogo. Kwa wiki sita.

Askari wa usalama barabarani aliandika utelezi na mwendo. Mtu mmoja pale akasema Mwalimu siku zote alikuwa anakimbiza gari. Mwingine akaitikia. Haikuwa kweli, lakini ilikuwa rahisi, na mimi niliyekuwa na neno la kuizima nilibaki na mkono wangu mweusi wa vumbi la mpira nikauficha nyuma.

Msibani nilibeba maji, nilipasua kuni, nilifanya kila kazi isiyohitaji kusema. Kaka wawili wa Advera hawakumpa Mwalimu mkono. Baada ya matanga waliwachukua watoto wote watatu wakawapeleka Mabawe kwa bibi yao. Walisema aliyemuua dada yao kwa mwendo hatawalea watoto wake. Mwalimu, mbavu zimefungwa bandeji, hakubisha. Alirudi kwenye nyumba tupu.

Nilikaa kimya kwa muda wa mihula miwili ya shule. Nilifanya kazi, nilikula, nilikwenda kanisani. Mke wangu aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia mgongo. Mwishoni nilipanda basi hadi Nyakahura kwa Mzee Masanja. Nilimkuta kwenye zizi, amekonda, anamkamua ng'ombe. Nikamweleza yote nimesimama. Aliendelea kukamua hadi nikamaliza.

"Ulilipima tupu?" akauliza.

"Tupu, mzee."

Akasogeza ndoo ya maziwa kando. Sikumwona akikasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Sikukufundisha kupima gari lenye mzigo," akasema. "Tulikuwa tunafunga malori, malori yanakuja yamejaa. Sikufikiria." Kisha akaniuliza kama Mwalimu anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi umekuja kwa mtu asiyehusika."

Akarudi kwa ng'ombe wake hadi nikaondoka, na ule ndio ulikuwa mwisho wa kumwona akiwa hai.

Nilimkuta Mwalimu nyumbani kwake amekaa mezani, madaftari ya wanafunzi mbele yake, kalamu nyekundu imefungwa. Nilipanga maneno njia nzima na yote yalinitoka mlangoni. Nikasema tu, "Mwalimu, ni tairi. Halikuwa mwendo wako. Lilikuwa linagusa kwa ndani, mimi nilipima vibaya."

Hakushangaa. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza.

"Nilikuwa naisikia," akasema.

"Ulikuwa unasikia nini?"

"Sauti. Kila tukishuka mlima, kitu kinakwaruza mbele. Wiki mbili. Advera akasema, hebu mpelekee shemeji atazame. Nikamwambia baada ya mitihani." Akaifungua kalamu, akaifunga. "Wewe umekaa na lako, mimi nimekaa na langu. Nilipoambiwa nilikimbiza gari nikaona afadhali. Ni afadhali kuitwa mwendawazimu wa barabarani kuliko kusema mke wangu aliniambia nikamwambia baada ya mitihani."

Tulilia wote wawili, watu wazima, kila mmoja upande wake wa meza. Sikumgusa, hakunigusa.

Kisha nikamwambia, "Watoto wako Mabawe kwa ajili ya jambo ambalo si la kweli. Twende tukaseme." Alikataa. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, akakataa. Jumamosi ya tatu nilimkuta amevaa koti.

Tulipanda gari la abiria, tukatembea sehemu ya mwisho. Wale kaka wawili walitoka uani na mmoja alikuwa ameshika panga la kukatia ndizi. Alikuwa ametoka shambani tu, lakini hakuliweka chini. Bibi, mama yake Advera, alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Nikapiga goti, nikampa shikamoo. Akaitikia. Mwalimu alibaki amesimama kwenye lango.

Nilisema yote. Nilieleza saizi, nilieleza madigadi, nilieleza wiki moja ya Kahama ambayo sikuisubiri. Nilizungumza Kihangaza, na Kihangaza hakina maneno ya vitu hivyo, kwa hiyo nilichora kwenye vumbi duara dogo na duara kubwa. Yule mwenye panga akaja juu akasema kumbe mimi ndiye. Akasema mengine ambayo sitayaandika. Nilikaa hivyo hivyo nimepiga goti, maana alikuwa na haki.

Mama akainua mkono, akamnyamazisha. Akatazama yale maduara.

"Gali lilikuwa linalia?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, Mwalimu akasema kutoka langoni, "Lilikuwa linalia, mama. Advera alilisikia. Aliniambia. Mimi sikulipeleka."

Hakulazimika kusema hayo. Mimi nilikuja kumwondolea lawama, naye akaja kuichukua tena mbele ya watu wote. Nilidhani ameharibu kila kitu.

Yule mama aliendelea kuchambua maharage kwa muda. Kisha akasema, polepole, "Miezi yote hii nimejiuliza kama mwanangu aliolewa na mtu asiyemjali. Sasa naona ni mtu aliyechelewa." Akamwita Jovina atoke ndani amsalimie baba yake. Jovina akatoka, na wadogo zake nyuma yake. Yule mdogo kabisa alimtazama Mwalimu kama mgeni, na Mwalimu akageuza uso.

Watoto hawakurudi siku ile. Walirudi shule zilipofungwa, kwanza Jovina, kisha wawili waliobaki. Yule kaka mwenye panga hakunisamehe na hajanisamehe hadi leo. Tukikutana sokoni Ngara anavuka upande wa pili, nami namwachia njia. Nilikwenda pia kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Yakaandikwa, yakawekwa kwenye jalada. Jalada halikumfufua mtu, lakini lina ukweli ndani yake.

Tangu siku hizo sikufunga tairi lolote la saizi tofauti na ya kibandiko, liwe la theluji au la dhahabu. Na kila gari la familia nililolifunga nililipima limejaa. Niliwaambia wenye magari walete mke, watoto, bibi, gunia na mkungu. Waliketi ndani, nikalitelemsha kwenye ule mteremko wa nyuma ya gereji nikikanyaga breki, wengine wanacheka, wengine wananiona nimechanganyikiwa. Dereva mmoja wa Biharamulo alisema kwangu kufunga tairi ni kama kufunga ndoa, ukoo wote lazima uhudhurie. Nilimwacha acheke. Na msikilize, vijana: mteja akisema gari linakwaruza, acha unachofanya. Usimwambie kesho.

Mwalimu Laurian naye amestaafu. Hajaendesha gari tena. Jumapili nikiwa Murukulazo tunatoka kanisani pamoja, tunatembea hadi kwenye mgawanyiko wa njia, tunazungumza habari za kahawa na za watoto. Jovina sasa ni mkunga, mbali na huku. Hatuzungumzi habari za matairi. Lakini mwezi uliopita, tulipofika pale tunapoachana, alisimama.

"Ungekataa siku ile," akasema, "ningekwenda kwa fundi mwingine. Advera asingesubiri wiki. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mwalimu."

"Basi mbona bado unalibeba?"

Nikamwambia, "Kwa sababu huyo angekuwa fundi mwingine."

Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akanishika mkono akaushikilia. Kisha kila mmoja akashika njia yake.